Sura ya Tano Haimo

Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hata hajatua mkoba, mkutubi alichukua fagio refu la kuondolea utando akaanza kuteremsha vitabu vya uchumi kutoka darini. Vilikuwa kumi na saba. Vya siasa vilikuwa sita tu, maana uchaguzi ulikuwa karibu na watu walikuwa wamevifunuafunua kidogo. Alivirudisha rafuni, akavipitishia kamba, akakaza fundo, kisha akaenda kuchemsha chai.

Katika maktaba ile kitabu kilipata uzito kwa kusomwa. Kisichosomwa kilielea. Jambo hilo lilikuwemo hata kwenye kanuni zilizobandikwa mlangoni, chini ya ile inayokataza kula ndani.

Vitabu vyepesi havikumsumbua mkutubi. Vilivyomkosesha raha ni vizito. Maktaba haikuwa imenunua riwaya mpya kwa miaka minne, na za zamani zilikuwa zimesomwa mpaka basi. Riwaya moja ya mapenzi, iliyopita kila nyumba ya mtaa ule, ilihitaji watu wawili kuinyanyua. Kitabu cha mashairi ya kuchekesha kilishavunja rafu mbili. Wazee walikuja, wakajaribu kuinua wanachokipenda, wakashika kiuno, wakaondoka mikono mitupu. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akija na toroli mpaka gurudumu lilipong'oka. Hakuna kilichomuuma mkutubi kama kumwona msomaji akirudi nyumbani bila kitabu.

Aliandika barua tisa kuomba riwaya. Ya kumi ilijibiwa kwa simu na Mkurugenzi wa mji mwenyewe.

"Binti, nimeandika kitabu," alisema. "Kinahusu uchumi wetu. Nataka tukizindulie hapo kwako. Mambo yakienda vizuri, riwaya zako nazitilia saini siku hiyohiyo."

"Tutashukuru sana, mheshimiwa."

"Na wewe utakisifu kidogo, au siyo?"

"Nitakisifu."

Vitabu vililetwa Jumatano, makatoni matano. Dereva aliyabeba yote kwa mkono mmoja, wa pili ameshika simu akizozana na mkewe.

Mkutubi alikusudia kukisoma, haki ya Mungu. Alifungua ukurasa wa kwanza mara tatu, na mara tatu akaitwa: viti havijapangwa, kitambaa cha meza hakijapigwa pasi, kipaza sauti kinakoroma. Ijumaa asubuhi alinakili sifa zilizochapwa nyuma ya jalada, akabadilisha maneno mawili matatu. Aliyekisoma ni mfagizi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, na ambaye hakuweza kupangusa kitabu bila kukimaliza. Ndiyo maana vumbi halikuisha maktabani.

Uzinduzi ulijaza watu. Msemaji wa kwanza alisema amekisoma mara mbili. Wa pili alisema kimemtoa machozi, hasa mwishoni. Kufikia hapo nakala zao zilikuwa usawa wa feni, na wageni waliinamisha vichwa kuzipisha huku wakipiga makofi. Mkutubi aliposimama kusoma sifa zake, nakala yake ilichomoka kwapani ikapanda taratibu mbele ya umati. Hakuna aliyeshangaa. Yeye aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alitazama juu, asitazamane na mtu, akaiona nakala ya Mkurugenzi, ile yenye jalada la ngozi. Ilikuwa imeshagusa dari, juu kuliko zote.

Wakati wa maswali Shangazi aliinuka, amekikumbatia kitabu chake kwa mikono miwili.

"Hongera kwa kazi, mheshimiwa. Swali langu dogo. Sura ya nne imechapwa mara mbili, na ya tano haimo. Kwenye yaliyomo imeandikwa 'Nani Anayebeba Mzigo'. Mimi nilikuwa naisubiri hiyohiyo."

Mkurugenzi alitabasamu. "Swali zuri sana," alisema. "Mkutubi wetu atakujibu. Yeye amekisoma."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Akilini mkutubi alimwona yule bibi akisukuma toroli lake bovu, na rafu iliyojaa riwaya mpya, nyepesi kiasi cha kubebwa na mkono wa mzee.

"Sura ya tano," alisema, "imeguswa ndani ya ile ya nne."

Makofi yakavuma. Shangazi akakaa, akakipakata kitabu chake.

Mkurugenzi alifurahi mno. Jioni ileile alitia saini kununuliwa kwa wavu wa madirisha, nakala zisipotelee nje, na nakala nyingine mia mbili kwa ajili ya shule. Riwaya zitaangaliwa mwakani.

"Nisamehe, Shangazi," mkutubi alisema walipokuwa wakikunja viti. "Nimesema uongo, na riwaya zenyewe sikupata."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. "Yaani umedanganya bure! Ungepata hata moja, mwanangu, ningekuelewa." Kisha akamwekea kitabu mikononi, na mkutubi nusura akiangushe. "Kisome. Sura ya pili inachekesha kweli, ingawa mwenyewe hakukusudia."

Alikisoma kwa wiki mbili, saa za chakula cha mchana. Alicheka sura ya pili. Aliisoma ya nne, akaisoma ya nne tena, akaandika barua ya kumi na moja, kuomba sura ya tano. Haijajibiwa.

Siku hizi kila Ijumaa wanafunga maktaba mapema kidogo na kuibeba ile riwaya ya mapenzi hadi nyumbani kwa yule bibi wa toroli, mkutubi mbele, Shangazi nyuma, wakipumzika kila kona.

"Kwani hakuna kipya?" bibi aliwauliza safari iliyopita.

"Kipo, Bibi," alisema mkutubi, akihema. "Tena nakala tele. Kitabu cha Mkurugenzi."

"Mwenyewe aliyekiandika keshakisoma?"

Mkutubi na Shangazi wakatazamana.

"Bado," alisema Shangazi.

"Basi niwekeeni hiyo riwaya yangu hapo mezani," bibi alisema, akivaa miwani. "Taratibu tu, mguu mmoja wa meza ulishavunjika."