Jeki Nyekundu

Injinia aliichagua jeki kwa rangi. Zilikuwa mbili pale sakafuni mwa duka: moja ya buluu iliyopauka, pana, imekaa chini kama mtu asiyetaka kuhamishwa, na nyingine nyekundu inayong'aa, mpini wake umevikwa mpira mweusi. Alizizunguka mikono nyuma, akaguna jinsi alivyowaona wataalamu wakiguna, kisha akaweka kiatu juu ya mgongo wa ile nyekundu. "Hii," akasema. Mkewe, aliyesimama kando na mkoba kifuani, alikuwa amejua tangu mlangoni kwamba itakuwa hiyo. Angekuwa mcheza kamari, angekuwa tajiri.

Jina la Injinia alipewa na majirani siku rafu aliyoipigilia ukutani ilipomwangukia na vyombo vyake vyote. Yeye alidhani ni heshima, akaliitikia. Kazini alikuwa karani wa masjala, na hakuna faili lililowahi kupotea mikononi mwake. Sifa hiyo mkewe alikuwa tayari kumpa mbele ya mtu yeyote. Lakini Mungu hakumpa mikono ya chuma, na yeye hakutaka kuamini kwamba Mungu angemnyima kitu. Bomba la jikoni aliliunga, likamwaga maji mpaka kwa jirani. Pasi aliitengeneza, nyumba nzima ikakosa umeme siku mbili. Sasa alikuwa amegombana na fundi wa gereji kwa ajili ya mlio wa breki, akatangaza mezani kwamba mafundi wote ni wezi na kwamba kuanzia hapo gari lake atalihudumia mwenyewe, uani kwake. Alisema "wote" huku akimtazama mkewe, ambaye baba yake alisomesha watoto sita kwa kazi hiyo hiyo ya wezi.

Katika gereji ya baba yake ndiko mke alikokulia. Alishika taa kabla hajashika kalamu vizuri. Alimwona baba akinunua jeki: huipandisha chini ya mzigo, huchora alama ya chaki pale ilipofikia, halafu huenda zake kunywa chai. Akirudi, chaki ikiwa imeshuka hata unene wa ukucha, jeki inarudi dukani hata kama muuzaji ni shemeji yake. Na kulikuwa na sheria moja ambayo kijana yeyote wa gereji ile aliimeza siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: jeki ni ya kunyanyua, ya kushikilia ni stendi, ile miguu ya chuma.

Injinia alipoinama kusoma kibandiko, mke aliinua mpini wa jeki ya buluu, kisha wa ile nyekundu. Nyekundu ilikuwa nyepesi kama sufuria. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuona mkono ule ukipima, akamgeukia.

"Na wewe mama, unaonaje?"

Injinia alicheka kabla mkewe hajafungua mdomo. "Huyu? Mzee wangu, huyu hajui hata boneti inafunguliwa wapi."

Aliyeifungua boneti ni yeye huyo. Mwezi ule waliponunua gari, Injinia alihangaika nayo nusu saa kwa bisibisi, upande ambao haukuwa hata na kitasa, mpaka mke akaingia ndani ya gari akavuta kamba iliyo chini ya usukani. Hakuna aliyeona, na yeye hakumsimulia mtu. Sasa maneno yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake: hiyo nyekundu ni bati, chukua ya buluu, na chukua stendi mbili. Akayameza. Yalishuka na ladha fulani tamu aliyoanza kuizoea miaka ya karibuni, ladha ya kumwacha mjinga na ujinga wake.

"Chagua inayokupendeza," akamwambia.

Mzee akataja stendi mwenyewe. Injinia akamkonyeza mkewe, kumwonyesha jinsi wauza duka wanavyomtafutia mtu mahitaji asiyokuwa nayo, akauliza kama kuna stendi, jeki ni ya nini. Kisha wakaja kwenye spana ya kipimo, ile ndefu ambayo hulia *ka* nati inapofikia nguvu uliyoipanga kwenye mpini. Hapo Injinia alilegea kabisa. Aliipindua, akaizungusha namba zake, akaomba isikike tena inavyolia. Mzee akamweleza kwamba haitumiki kufungulia, inatumika kukazia tu, na kwamba kila ikimaliza kazi irudishwe kwenye namba ya chini ili springi isichoke. Injinia akasema anajua. Mzee akauliza nati za magurudumu ya gari lake zinataka namba gani.

"Weka kubwa kabisa," Injinia akasema. "Sitaki mchezo."

Mzee alimtazama mke mara moja tu, tazamo la fundi kwa fundi, akafunga mzigo.

Wiki ile nyumba ilikazwa. Injinia alikaza miguu ya meza, akakaza kitanda, akakaza vishikio vya makabati mpaka kimoja kikang'oka na kipande cha mbao. Kila *ka* ilipolia alinyanyua kidole kama mwalimu wa muziki. Spana ile ile aliitumia kufungulia bolti zilizoota kutu kwenye lango, akining'inia juu yake kwa uzito wake wote, na mkewe akiwa dirishani na cherehani yake akajua kwamba kuanzia siku hiyo kipimo kile ni mwongo. Hakusema. Alimpigia simu dada yake, akamsimulia kuanzia jeki mpaka lango, akiigiza sauti na kidole. Alikuwa hodari wa kuigiza. Kwa miaka mingi vituko vya Injinia vilikuwa kitoweo cha mazungumzo yao.

Dada alicheka, kisha akauliza kama amemwambia mumewe kuhusu stendi.

"Nimwambie ili iweje? Mimi sijui hata boneti inafunguliwa wapi."

"Haya," dada akasema. "Lakini zamani ulikuwa unamcheka, mdogo wangu. Siku hizi unamvizia."

Mke alisema cherehani inamngoja, akakata simu. Alikasirika siku nzima, na kwa kuwa hakutaka kujua amekasirikia nini, alimkasirikia Injinia.

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa limeshafika nusu ya uani. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Injinia alitoka amevaa bwelasuti mpya yenye mikunjo ya dukani, akaingiza jeki chini ya pua ya gari na kuanza kupampu. Gari lilipanda bila taabu, likamfurahisha. Alikuwa amedhamiria kubadilisha oili. Alitandika katoni chini, akaweka beseni la plastiki la kupokelea oili kuukuu, akapanga spana zake kwa ukubwa juu ya gazeti, kazi safi ya karani. Mkewe alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni na gauni la mteja magotini, akipinda upindo kwa mkono. Angeweza kukaa ndani. Alichagua mahali hapo kwa sababu palionyesha gari lote, na kama angeulizwa angesema ni kwa ajili ya mwanga.

Nyuma ya gari kulikuwa na ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta. Kutoka pale alipokaa, ukingo wa boneti ulikuwa umelingana sawasawa na mstari wa saruji, safu ya sita kutoka chini. Hakukusudia kupima, jicho lililolelewa gereji hupima lenyewe. Injinia akapita ubavuni mwake kuingia ndani kunywa maji, akampiga bega kidogo kwa furaha, akasema leo atajionea mwenyewe. Alipotoka akijifuta mdomo, ukingo wa boneti ulikuwa umeshuka chini ya mstari ule. Si sana. Unene wa vidole viwili. Na chini ya jeki nyekundu, sementi ilikuwa na doa jeusi la mafuta, ambalo dakika chache zilizopita halikuwapo.

Injinia alilala chali juu ya katoni, akajisukuma kwa visigino, akaingia chini ya gari mpaka kiunoni.

Mke akapiga mshono mmoja.

Aone, alijisemea. Na moyo wake ukawa mwepesi, mwepesi kwa namna isiyofaa. Akapiga wa pili, na wa tatu. Alimsikia akihema na kugonga kitu huko chini, akijisimulia kazi yake kwa sauti kama watu wa kwenye simu wanaofundisha. Mshono wa nne. Mstari wa saruji ulikuwa sasa umeonekana wote, na mwanga juu yake. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema moyoni, na methali ikamkaa vizuri, akaivuta na uzi wa mshono wa tano, na wa sita. Ni hapo tu, sindano ikiwa nusu ndani ya kitambaa, alipokumbuka kwamba sikio hili halikuwa limepewa dawa yoyote. Nani alimwambia? Lini? Mzee wa duka alijaribu. Yeye, binti wa fundi, alikuwa na dawa hiyo mdomoni tangu dukani, na aliinyonya mwenyewe kama peremende.

Akajiona ameketi pale. Miguu miwili ya bwelasuti mpya ilikuwa imetokeza chini ya gari, soksi moja imeteremka, na mwanamke amekaa kwenye kizingiti akimshonea mtu gauni. Sindano ilimaliza mshono wa saba yenyewe, kwa mazoea.

"Toka," alisema. "Toka, simu yako inaita."

"Iache iite."

"Ni bosi wako. Toka sasa hivi."

Kwa bosi Injinia angetoka hata kaburini. Alijivuta akilalamika, akakwaruza kiwiko, akainuka na kujipangusa mgongo. Alikuwa amepiga hatua tatu kuelekea mlangoni gari liliposhuka. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa tu kwa pumzi ndefu, na katikati ya pumzi hiyo beseni lilipasuka vipande. Mpini wa jeki nyekundu ukainuka, ukatikisika, ukatulia.

Alisimama akiwa ameligeuzia gari mgongo, kisha akageuka polepole. Alitazama nafasi iliyobaki kati ya gari na sementi. Mtoto mchanga asingepita. Alitazama katoni, nusu yake nje na nusu ndani. Mkewe alingoja aseme jambo la kijinga, kwamba jeki ilikuwa mbovu, kwamba wauza duka ni wezi. Alilihitaji sana jambo hilo la kijinga. Lingemrudishia mtu anayemjua.

"Simu haikuita," mumewe akasema.

"Haikuita."

"Uliona inashuka."

"Niliona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akipokea faili. "Lini?"

Kwa miaka kumi na minne mkewe alikuwa akimdharau kwa kutojua kuuliza. Sasa alikuwa ameuliza, neno moja, na lilikuwa ndilo hasa ambalo baba yake angeuliza. Majibu yalikuwapo mawili. Moja lilikuwa *sasa hivi*, na lingewatosha wote wawili mpaka uzeeni.

"Ulipotoka kunywa maji," akasema. "Kabla hujalala chini."

Hakupaza sauti. Mkewe alitamani apaze. Alikwenda mpaka kwenye gari, akavuta katoni, haikutoka, akaiacha. Akarudi mpaka karibu na kizingiti. Mke akasogea kumpa nafasi ya kukaa, lakini alibaki amesimama, mikono imening'inia, bwelasuti ikiwa bado na mikunjo yake.

"Nionyeshe," akasema. "Ulionaje?"

Akamwonyesha. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, safu ya sita, akamweleza ukingo wa boneti ulikuwa wapi alipoanza, wapi alipotoka kunywa maji, wapi alipokuwa chini. Mumewe alifuata kila alama kwa macho, bila kumkatiza, bila kusema anajua. Alisikiliza vizuri. Pengine sikuzote angesikiliza vizuri. Hilo hakuna aliyelijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kitu akiwa hamcheki. Mkewe alipomaliza, mume alitazama ukuta kitambo, halafu gauni lililokuwa magotini mwa mkewe, na sindano iliyokuwa bado ndani yake.

"Na wewe ulikuwa unashona," akasema.

"Ndiyo," akamjibu. "Nilikuwa nashona."