Mkono Kwenye Nywele za Mfalme

Ortensia, mwanamke pekee mchoraji mjini Montalvo, alifunua picha mwenyewe kwenye chumba chake cha kuchorea, na kwa hofu kitambaa kikamponyoka. Si ajabu. Mchoraji aliyemtangulia aliitwa na mtawala Galvano mchana kweupe, na mpaka leo mkewe bado anamuulizia.

Picha ilikuwa ya mfalme wa kale akizama mtoni, na askari kijana akimwokoa. Nyuso, kama ilivyo desturi ya wakubwa, zilikuwa za wenyewe: mfalme alipewa uso wa mtawala mzee aliyekufa maji miaka mitatu nyuma, askari akapewa uso wa mwanawe, Galvano. Mji mzima ulijua jinsi kijana alivyojitosa kumwokoa baba yake, akashindwa.

Galvano aliitazama picha. Kisha akausogelea mkono wa askari uliokuwa kwenye nywele za mfalme.

"Huu mkono," alisema, "unavuta au unakandamiza?"

Ortensia akatazama naye. Mungu wangu, ulikuwa unakandamiza. Yeye hachori asichokiona. Ndiyo sifa yake, na leo ndiyo balaa yake. Alikuwa amemtia mumewe Taddeo kwenye pipa la kufulia, lile lililo pale kwenye kona, awe mfalme, na Nuccio, mwoka mikate wa jirani, awe askari. Taddeo na kitambi chake kile, kila mara anaelea. Basi akamwambia Nuccio, "Hebu mshindilie kidogo atulie," akachora alichokiona.

"Ni pipa tu, Mtukufu. Mume wangu alikuwa anaelea. Nitaufuta leo leo."

"Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini, Mtukufu?"

Swali lilimtoka kabla hajalifikiri, na jibu akaliona hapo hapo, kwenye uso wa yule bwana uliopauka kama unga. Laiti angebaki mjinga dakika moja zaidi.

Galvano alifunga mlango. Akavua pete zake moja moja, akaziweka mezani kati ya brashi, akakunja mikono ya shati taratibu kama mtu anayetaka kunawa ale.

"Lile pipa bado lina maji?"

"Lina maji, Mtukufu."

"Nionyeshe mumeo alivyokaa," alisema kwa upole. "Ingia."