Kumi na Moja Bado Ina Mwenyewe

Jezi ya mtu aliye hai haistaafishwi. Nilimwambia hivyo mwenyekiti Venanti Jumanne ile alipokuja kwangu na katibu wake, wote wamevaa mashati ya kanisani katikati ya wiki, na nikarudia kwa sauti iliyofika barabarani ili asije akasema hakusikia. Walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, wamekunywa togwa yangu, ndipo wakanieleza kilichowaleta. Kamati ya timu imeamua namba kumi na moja isivaliwe tena na mtu. Jezi itawekwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa dukani kwa mfadhili wetu Haidari, iwe kumbukumbu.

"Kumbukumbu ya nani?" niliuliza.

"Ya Niyo, mama. Kwa heshima yake," alisema Venanti, macho kwenye kikombe.

Niyo ni mwanangu wa kwanza. Jina lake kamili ni Niyomwungere, na kwa mguu wake wa kushoto aliwatoa jasho mabeki kuanzia Kasulu mpaka Kibondo. Aliondoka hapa Makere miaka miwili iliyopita kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa ziwa, mwaka ambao mvua iliozesha maharage yetu yote shambani. Alisema anakwenda msimu mmoja tu.

Niliwafukuza. Sikuwafukuza kwa adabu.

Mimi, Epifania, ndiye mtunza jezi wa Umoja wa Makere. Ziko kumi na tano, nyekundu, alizotununulia Haidari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini. Kila Jumapili baada ya misa nazifua zote kwa mkono na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Majirani hunicheka kwamba nina watoto kumi na tano na hakuna hata mmoja anayenichotea maji. Tangu Niyo aondoke, kumi na moja ilivaliwa na yeyote aliyepangwa siku hiyo, na mimi sikuwahi kuona ubaya. Niyo mwenyewe alikuwa akinipigia simu kila Jumamosi jioni, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu hali yangu. "Nani kavaa kumi na moja leo?" Nikimtajia mtu anacheka. "Mwambie asiichakaze, naijia."

Halafu, baada ya Kwaresima, simu zikakatika. Nilipiga asubuhi, nilipiga mchana, nilipiga nikiwa shambani na udongo mikononi. Yule dada wa kwenye simu aliniambia haipatikani mara nyingi mpaka nikaanza kumjibu: najua, mwanangu, najua. Mume wangu, Stanislaus, alisema huko machimboni mtandao ni shida. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Alhamisi kamati iliita mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Nilikwenda mapema nikakaa dawati la mbele. Haidari alikuja kwa pikipiki kutoka mjini, akapewa nafasi ya kwanza kwa kuwa jezi ni zake.

"Jamani, timu kubwa za nje zinafanya hivi," alisema. "Mchezaji akiwapa watu raha, namba yake inapumzishwa. Ni heshima hiyo, wallahi, wala siyo kumtoa mtu kwenye timu."

Kocha Athuman alisimama kabla Haidari hajakaa vizuri. "Mzee wangu, hao wa nje wana jezi mpaka za kugawa. Sisi tunazo kumi na tano. Ukinitolea moja, huyo wa akiba nimvalishe nini, kanga ya mama yake? Na tukistaafisha ya kila aliyecheza vizuri, miaka kumi mbele tunaingia uwanjani vifua wazi." Watu wakacheka. "Halafu mnawanyima hawa vijana. Wakipewa kumi na moja wanakimbia kweli, wanajua ilikuwa ya nani."

Hapo nami nikasimama. Mdomo wangu hauna breki, na siku ile sikuutafutia. "Mnamstaafisha nani? Niyo ana miaka ishirini na minne. Alikuja hapa akawaambia amechoka? Akirudi kesho atavaa nini? Mtamwambia nenda kwa Haidari ukaitazame kwenye kioo, kati ya misumari na mabati?"

Venanti alikuwa anakuna meza kwa ukucha. Haidari alivua kofia yake akaikunja. Nikadhani nimewashinda.

Ndipo Stanislaus akasimama. Mume wangu ni mtu wa kukaa mlangoni kwenye mikutano yote, na kwa miaka ishirini na sita sijamsikia akisema mbele ya watu zaidi ya kuwasalimia. "Kamati iko sahihi," alisema. "Ipumzishwe." Akatoka nje.

Tulipofika nyumbani nilimwambia kila neno baya nililolijua kwa Kiswahili, na yaliyopungua nikayatoa kwa Kirundi cha mama yangu. Stanislaus ninayemjua angepiga meza, angenikumbusha ng'ombe wa mahari. Huyu alichukua jembe akaenda shambani. Siku mbili sikumpikia, akawa anakula mahindi ya kuchoma kwa jirani, na hakulalamika hata mara moja.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Niliona baba wa mtoto amechoka kusubiri, nimebaki peke yangu, na mtu anayesubiriwa na mmoja tu yuko karibu kupotea kabisa. Nikaapa kwamba jezi ile itaingia uwanjani Jumamosi hata kama itabidi niivae mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa fainali ya kombe la ng'ombe dume, sisi na Busunzu, waliotoka Kibondo na lori zima la mashabiki na ngoma. Uwanja wa Makere ulijaa. Dume lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya kona, linakula majani, halina habari. Mpango wa kamati ulikuwa nikabidhi jezi katikati ya uwanja kabla ya mechi, na Venanti alikuwa ameshafika na fremu yake imefunikwa kitenge.

Nilibeba mfuko wa jezi kichwani mpaka nyuma ya madarasa, wachezaji walikokuwa wanajiandaa. Nikagawa moja moja. Ilipofika ya kumi na moja nikamwita Ndayisenga, winga mpya mwenye miguu myembamba, nikamvalisha mwenyewe kwa kumpitishia kichwani, kama navalisha mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Mama, si wamesema..."

"Vaa. Ukiivua kabla ya filimbi ya mwisho utanitambua."

Alimtazama kocha. Athuman akaangalia juu, kama anatafuta mvua. Timu ilipoingia uwanjani, Venanti aliiona ile namba. Aliiweka fremu chini ya kiti chake. Nilisimama kwenye mstari nikipiga vigelegele peke yangu, na nilijisikia nimemrudisha mwanangu kwa mikono yangu miwili.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Stanislaus alinijia pale karibu na dume.

"Mama Niyo, twende tukae pembeni."

"Sina pa kukaa na wewe."

Akanishika kiwiko. Hajawahi kunishika mbele za watu, na hicho ndicho kilichonifanya nimfuate. Tulisimama nyuma ya lori la Busunzu.

"Niyo hayupo," alisema.

"Najua hayupo. Yuko machimboni."

"Mama Niyo. Duara, lile shimo wanalochimbia, liliwaangukia. Yeye na wenzake watatu, wiki ya Pasaka. Marselino alinipigia." Marselino ni kijana wa hapa Makere, waliondoka pamoja. "Yeye alikuwa juu, kwenye kamba. Anasema alivuta, kamba ikaja nyepesi. Walichimba siku nne. Hawakuwafikia. Wakaweka msalaba pale juu, wakaacha."

Nilisikia kila neno. Ila nilikuwa natazama tairi la lile lori, limekwanguka upande mmoja, na nilifikiri kwamba dereva huyu ataua watu.

"Tangu Pasaka," nilisema. "Leo ni mwezi wa nane. Miezi minne unalala ubavuni kwangu na hilo?"

"Mwaka juzi ulianguka kanisani na hiyo presha yako. Niliogopa. Niliona nitawapoteza wawili." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Na hatuna cha kuzika. Hatuna mwili, hatuna nguo, nguo zake zote aliondoka nazo. Kilichobaki chake ni ile jezi. Nikamwendea Venanti. Tukasema ipumzishwe kwanza, kwa heshima, uzoee kidogo kidogo, halafu nikwambie. Haidari akakubali kutengeneza fremu."

Wanaume watatu wazima walikaa chini, wakafikiri, wakaona njia nzuri ya kumpa mama msiba ni kupitia kamati ya mpira. Nilimpiga kofi. Kisha nikamshika shati kwa mikono yote miwili.

Filimbi ya kipindi cha pili ikalia.

"Niende nikamvue yule kijana?" aliuliza.

"Muache amalize."

Nilirudi kwenye mstari. Nilijikaza kisabuni, kama tunavyosema, nikasimama. Jirani yangu akanitania, "Mama Niyo, leo umenyamaza, umemeza kipaza sauti?" Nilikuwa naitazama ile namba. Ilikimbia kushoto, ikaanguka, ikainuka na vumbi, ikaomba pasi na kunyimwa. Kwa dakika arobaini na tano mwanangu alikuwa bado uwanjani. Nilimwomba Mungu refa asahau saa yake. Nilimwomba waumie, wagombane, mpira upotelee kwenye mashamba ya mihogo, chochote, mradi isiishe. Niliomba kwa moyo wote, na nilijua ninaomba upuuzi.

Beki wa Busunzu alijifunga zikiwa zimebaki dakika chache, tukashinda ng'ombe. Filimbi ikalia na watu wakaingia uwanjani. Nami niliingia, nikawapita waliokuwa wanacheza ngoma, nikamfikia Ndayisenga kabla hawajambeba.

"Nivulie."

"Nisamehe, mama. Imechanika begani."

"Nivulie tu, mwanangu."

Aliivua, akabaki kifua wazi. Ilikuwa imelowa na ina joto. Venanti alifika na fremu yake. Athuman, ambaye hakuwa anajua lolote, alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Sasa mama, tumekubaliana vipi? Inaendelea kuvaliwa?"

"Namba chukueni," nilisema. "Asiivae mtu. Jezi naondoka nayo."

Alitaka kubisha. Kisha akaona uso wangu, akageuka na kuwaambia vijana waache kuimba.

Tutaizika Jumanne, kaka zangu wakishafika kutoka Kibondo. Stanislaus amechimba tayari, nyuma ya migomba. Bado sijaongea naye vizuri, lakini nampikia.

Jumapili wanawake wa jumuiya walijaa uani kwangu. Walinikuta navuta mfuko wa jezi, wakaninyang'anya, wakasema mfiwa hafui. Niliwaomba wanirudishie, wakakataa, nikawaomba tena kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwangu, wakanipa. Nikajaza beseni. Nilianza na ya kipa, kama siku zote, na nikafua jezi kumi na nne.