Kiambatisho cha Saba

Mimi sipendi mchoro uliojaa tarakimu. Nionyeshe ramani ambayo kila ukuta umeandikwa historia yake, hasira zitanipanda kabla sijakaa. Kazi yangu ni kuchora majengo kwa kompyuta, na mtindo wangu ofisi nzima inaujua: mchoro ubaki msafi kama sahani iliyooshwa, maelezo yote yafuate nyuma kama viambatisho. Vipimo vya mashine, barua za mteja, picha za kiwanja, ripoti ya udongo, vyote navibandika kwenye faili, na kwenye mchoro naandika tu "angalia kiambatisho" na namba yake. Asiyetaka kuangalia, shauri yake.

Mtu pekee aliyethubutu kunicheka kwa mtindo huo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ni fundi mwashi, na mimi ndiye niliyempigia debe ofisini apewe kazi ya kujenga duka la mikate. Tangu amwoe dada, hatujawahi kuzungumza sentensi tatu bila kutaniana. Aliwahi kusema kwamba siku nikiolewa, mume wangu akiuliza chakula ataambiwa aangalie kiambatisho cha pili. Nikamjibu kwamba ukuta wake wa kwanza mpaka leo unajifunza kusimama wima. Ndivyo tunavyosalimiana.

Basi Jumanne tanuri jipya la duka la mikate likaletwa, na halikupita mlangoni.

Upana wake ulikuwa sentimita mia na kumi na mbili. Mlango ulikuwa tisini. Wabebaji sita walilisukuma, wakaligeuza, wakaliinamisha, mwisho wakaliacha barabarani na kukaa kwenye kivuli chake. Mama mwenye duka hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja ofisini kwetu, akakaa mbele ya mkuu wetu wa kazi na kusema kwa upole kwamba ghorofa ya juu hatajengewa na fundi yule. Atafutiwe mwingine leo hii.

Shemeji akaitwa. Alifika na vumbi la saruji hadi kwenye kope, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango asije akachafua zulia. Mkuu, ambaye maneno kwake ni ya kupimwa kwa kijiko, akaniambia nilete kompyuta yangu nionyeshe kama kipimo cha mlango wa kuingizia tanuri kilikuwa kwenye faili.

Kama kilikuwepo! Nilifungua mchoro, nikabonyeza kiambatisho cha saba, na karatasi ya mtengenezaji wa tanuri ikajitokeza, pamoja na duara jekundu nililolichora mwenyewe: mlango usipungue sentimita mia na ishirini na tano. Niliona raha, siwezi kudanganya. Nikaeleza kwamba mchoro ulitumwa wiki tatu zilizopita ukiwa na viambatisho kumi na vinane, na kwamba kilichokosekana ni macho ya kuvisoma. Mama mwenye duka akatikisa kichwa kukubali.

"Fundi," mkuu akasema, "kama hukukiona kipimo, mbona hukuuliza?"

Shemeji alinitazama mimi, si mkuu. Akaizungusha kofia yake mkononi.

"Sikuuliza," akasema.

Damu ilinichemka. Yaani umhangaikie mtu apate kazi, halafu akuaibishe mbele ya mkuu wako kwa uvivu wa kuuliza swali moja. Mkuu akaniagiza nikachape nakala mbili za karatasi ile, moja ya mteja na moja ya jalada. Barua ya kumwondoa fundi ingefuata.

Mashine ya kuchapa imeunganishwa na kompyuta ya chumba cha pili. Nilienda huko, nikalifungua faili kutoka kwenye barua pepe ileile niliyomtumia shemeji. Mchoro ukafunguka, msafi kama sahani. Nikabonyeza kiambatisho cha saba. Kompyuta ikasema haikipati. Nikabonyeza cha nane, haikipati. Nikavibonyeza vyote, kimoja kimoja, kwa hasira inayozidi, na kila jina likanijibu kwa alama nyekundu.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla sijafika cha mwisho, ila kidole kilikataa kuamini. Sikuwa nimebandika karatasi zenyewe. Nilikuwa nimebandika njia ya kuzifikia, na njia hiyo ilianzia na kuishia ndani ya kompyuta yangu. Kwangu kila kitu kilifunguka. Kwa mtu mwingine yeyote yalikuwa majina matupu. Kweli nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelitembeza wiki tatu.

Ndipo nikaikumbuka simu. Nilirudi nyuma kwenye ujumbe wa shemeji, nikapita vichekesho, nikapita picha ya mbuzi aliyedai amefanana na mimi, hadi siku ile.

"Shemeji, hizi karatasi zako hazifunguki. Mlango wa tanuri niweke ngapi?"

Nilikuwa nimemjibu afumbue macho kwanza, zitafunguka, na nyuso tatu za kucheka juu yake.

"Sawa. Leo tunamwaga zege juu ya milango. Naweka tisini kama mingine. Kama sivyo niambie kabla ya mchana."

Chini ya maneno hayo kulikuwa na alama ya kidole gumba. Changu.

Nilikaa kwenye kiti cha chumba cha pili. Aliuliza, tena akanipa na saa ya kujibu. Na dakika tano zilizopita, simu yenye ushahidi wote ikiwa mfukoni mwake, alisimama mbele ya mkuu wangu akasema hakuuliza.

Acha niseme ukweli wote: nilipiga hesabu. Ningeunganisha upya viambatisho vyote kwa dakika kumi, nikachapa nakala zangu mbili, na hakuna ambaye angejua. Shemeji alikwisha kujifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikarudi bila nakala, nikaiweka simu mezani mbele ya mkuu.

"Aliuliza," nikasema. "Aliuliza mara mbili, mimi nikadhani ananitania. Karatasi hazikumfikia kwa sababu zilibaki kwenye kompyuta yangu. Kosa ni langu."

Mama mwenye duka aliichukua simu, akasoma taratibu, akarudi juu akasoma tena. Akataka kujua kile kidole maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni ndiyo. Akainua macho, akamtazama shemeji, akamwambia mkuu kwamba ghorofa ya juu atajenga huyuhuyu.

Mkuu akasema ukuta ubomolewe kesho asubuhi, na mchoraji awepo. Barua ya onyo itakuwa yangu, niichape mwenyewe, na niiambatishe na ule ujumbe wa simu.

"Ujumbe wenyewe," akaongeza. "Si njia."

Nilimkuta shemeji kwenye ngazi, nikamuuliza kwa nini alidanganya. Akavaa kofia yake, akaiweka sawa kama vile ndiyo kazi iliyomleta.

"Mimi ningepata kazi nyingine," akasema. "Wewe ukifukuzwa, dada yako angekuleta uishi kwetu, wewe na viambatisho vyako kumi na vinane. Nani angeviweza?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nililia palepale kwenye ngazi, watu wakipita na majalada yao, na shemeji yangu alisimama kando akitazama ukuta mpaka nilipomaliza.

Asubuhi tulikuwa dukani kabla ya mama mwenye duka. Tanuri lilikuwa limelala nje chini ya turubai. Shemeji alishika nyundo, mimi nikashika futi, na wasaidizi wake wakasogea nyuma.

"Ngapi, shemeji?" akauliza. Hakuwa akitania.

Nilikuwa na karatasi mfukoni, lakini sikuitoa. Nikamwambia mia na ishirini na tano. Kisha nikaomba chaki, nikaiandika ukutani, tarakimu kubwa za kuonekana kutoka barabarani, naye akainua nyundo.