Misumari ya Chumba cha Mama Mkwe

Tangu kamati ya kijiji impe kazi ya kukagua nyumba, Semboja hakujua tena kukaa kitako. Mwaka huo wa sabini na nne, watu wa vitongoji vya Handeni walitakiwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara ya Korogwe, na lori lilipita kila kitongoji mara moja tu. Lilibeba kile kinachotoka kizima: mlango, mbao, bati. Semboja, kwa kuwa ni seremala, alitangulia mbele ya lori akigonga kuta na kuchungulia mapaa, kisha akatamka: hili litaezuka, hili haliezuki. Ambaye paa lake lilikataa alikwenda kujikatia nyasi, na vuli ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa Usambara.

Na mdomo anao. "Hapa ulipigilia misumari au ulipanda mahindi?" alimwuliza Kibwana mbele ya wake zake, na watu wakacheka.

Sasa ilibaki nyumba moja, na lori lilikuwa linakuja asubuhi. Ilikuwa ya Mashavu, mjane, mama wa mkewe Fatu. Semboja aliijenga mwenyewe alipokuwa anamposa Fatu, kwa mabati aliyoyanunua mjini Manundu. Kwa kutaka kuonekana mwanamume, kila msumari uliotokeza chini ya mbao aliupinda ncha na kuulaza kwa nyundo. "Hata kimbunga kitapita kikiomba radhi," alijigamba siku ile. Msumari uliolazwa hivyo ukishika kutu hautoki. Ukiuvuta, bati linachanika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Akaizunguka nyumba, akasimama, akaizunguka tena.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Fatu alimwuliza. Mimba yake ilikuwa kubwa, alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa.

 Semboja alikuwa anaogopa. Mashavu alikuwa na kifua kibovu. Vuli moja chini ya nyasi mbichi zinazovuja ingetosha kummaliza. Akapanda juu ya sebule, akachomeka mtalimbo chini ya bati, akakandamiza. Bati likalia, likachanika hadi katikati. Akajaribu la pili. Hilo nalo likachanika.

"Mkwe," sauti ya Mashavu ikatoka chumbani kwake, nyuma ya ukuta, "ni nyumba hiyo inayolia?"

"Ndiyo, mama. Imekataa. Nilipinda misumari yote mwenyewe, kwa majivuno yangu."

 Kikatoka kikohozi, na ndani ya kikohozi kicheko.

"Yote? Ya huku ninakolala uliipinda lini?"

Semboja akabaki na mtalimbo mkononi. Mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hilo hata mtoto wa Kizigua analijua. Na Mashavu, kwa kuchoka na kibanda chake cha zamani, aliingiza kitanda kabla paa halijaezekwa. Upande ule Semboja alipigilia kutoka juu tu, akashuka, akaenda zake. Hakuna aliyekuwa chini wa kupinda.

Fatu akajiinua, akaingia kutazama.

"Imenyooka!" akaita. "Yote inachungulia chini! Mama katundikia vikapu!"

Furaha ilimpanda Semboja, na aibu ikaifuata hapo hapo. Miaka yote hiyo, ncha za misumari juu ya kichwa cha mama wa watu.

"Mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nikuite chumbani?"

Lakini misumari ya namna hiyo hugongwa kutoka chini ili ichomoke. Fatu asingeweza kupanda juu ya kitu, na vijana wote walikuwa juu ya mapaa ya kwao. Semboja akafika mlangoni na nyundo yake. Akaishia hapo.

Ndipo akasikia kitu kikiburutwa. Mashavu alitoka kinyumenyume, anahema, anavuta kitanda chake. Alikataa kusaidiwa. Alikifikisha uani, akakitandika kanga, akaketi juu yake mbele ya majirani wote, akakipa chumba mgongo.

"Pasipo kitanda si chumba tena," alisema. "Ingia, mkwe. Mvua haitungoji."

Akaingia akiwa ameinamisha kichwa kwa mazoea, kisha ikambidi atazame juu. Msumari mmoja, pale mto ulipokuwa, ulikuwa umefungwa kitambaa cha kanga kuukuu ili usichome. Alikifungua taratibu, akakitia mfukoni. Akagonga. Bati likainuka zima.

Kule kwenye kijiji kipya mabati hayo yalitosha chumba kimoja. Semboja alikiezeka mwenyewe. Kabla ya kupiga msumari wa kwanza alimwuliza Mashavu, uso ameutazamisha pembeni, vikapu vyake angependa vitundikwe upande gani.