Pumzi Juu ya Blanketi

Mimi kazi yangu ni kuingiza namba kwenye kompyuta. Form four ilinifikisha hapo, mdomo ukanibakiza, maana Daktari Atupokile alisema bila utani wangu wodi ya watoto ingemtia wazimu. Nilimwita profesa kabla hajawa. Alikuwa anajifunza utafiti chini ya Daktari Ambwene, mzee wa Ikuti, aliyebishana na wakubwa miaka miwili mpaka utafiti wa nimonia ukaongozwa kutoka hapa Tukuyu, siyo Dar.

Mzee ndiye aliyetufundisha kila kitu. Hata kutowafunua watoto. Mwezi wa sita huku baridi inauma mpaka kwenye jino bovu, na kina mama huleta mtoto amefungwa blanketi na kitenge juu. Mzee alisema pumzi zihesabiwe hapohapo juu ya nguo, mtoto asipigwe baridi. Manesi wakafuata.

Mwezi wa saba Atupokile akahesabu watoto arobaini mara mbili: kwanza juu ya blanketi, halafu kifua wazi. Nikaingiza namba, nikamtania kwamba hilo blanketi linakula pumzi kuliko ninavyokula ubwabwa. Hakucheka. Watoto kumi na moja walioonekana wazima juu ya blanketi walikuwa wanahema kwa kasi ya nimonia. Akaniomba fomu za nyuma, za waliorudishwa nyumbani. Sita walikuwa wamekufa. Wa kwanza alikuwa Yona, miezi saba, wa Ikuti. Aliyemhesabu ni Ambwene mwenyewe.

Siku tatu Atupokile alitembea na karatasi ya hesabu hiyo na majina kwenye mfuko wa koti. Akiitoa, wakubwa watamnyang'anya mzee utafiti. Akiificha, manesi wataendelea kuhesabu blanketi. Nikamshauri asiguse za nyuma, aseme tu kuanzia leo tunafunua. Alinitazama mpaka nikaenda kutafuta chai ambayo sikuitaka.

Hatimaye akampa mzee. Mzee alisoma amesimama, akarudia ukurasa wa majina.

"Umehesabu mwenyewe, mwanangu?"

"Mwenyewe, baba. Mara mbili."

"Basi kesho utasema wewe, mbele ya wote. Na hapa ulipoandika 'mhudumu', weka jina langu."

Aliliweka. Siku hizi manesi wanafunua. Utafiti ulihamishwa kabla mwezi wa nane haujaisha, na mzee hakubisha tena.

Kabla ya kukabidhi ofisi alitutaka mimi na Atupokile tumsindikize Ikuti kwa mama yake Yona. Akamweleza yote, kwa Kinyakyusa, bila kujificha nyuma ya maneno ya kidaktari. Mama alisikiliza huku akimenya ndizi. Kisha akamgeukia Atupokile, akasema kwa Kiswahili ili na yeye, aliyekulia Kilimanjaro, asikie vizuri:

"Mimi nilianza kumfunua. Huyu mzee akaniambia, mama, mfunike."

Ndizi zilipoiva akapakua, akatuwekea. Kule sahani haikataliwi. Mzee alikula yake yote, taratibu, mpaka ya mwisho, na mimi, mwenye mdomo, nikautumia kula tu.