Safu ya Maelezo

Nabangala alipoingia ofisi ya makaburi ya mji na kibali cha kufukua kaburi la kaka yake, karani Abdul-Karim alimpa kiti akamwambia kulipata kaburi hakutachukua hata dakika kumi. Aliamini hivyo kweli. Miaka tisa iliyopita, barabara mpya ilipokatiza kwenye makaburi ya zamani, ni yeye aliyeketi chini ya turubai na kompyuta, akimwandika kila marehemu aliyehamishiwa uwanja mpya nje ya mji.

"Anaitwa Masinde," mama yule alisema. "Alikuwa fundi wa mabati hapo Katwe. Baba yetu yuko kitandani Bungoma, anataka mwanawe alale nyumbani kabla yeye hajaondoka."

Abdul-Karim akachomeka flashi. Programu ya hifadhidata waliyoitumia wakati ule ilishaachwa zamani, lakini hii ya sasa hufungua mafaili mengi ya kizamani, na faili lake, lenye herufi dbf mwishoni, lilifunguka bila taabu. Marehemu mia mbili na kumi na wanne. Namba ya jiwe la kaburi jipya, tarehe, mahali alipotolewa. Safu ya mwisho, iliyoandikwa Maelezo, ilikuwa tupu toka juu hadi chini.

Na majina yote yalikuwa yameandikwa humo. Fomu ilitengenezwa na mhandisi aliyehesabu makaburi kama anavyohesabu nguzo. Hakuweka nafasi ya jina. Abdul-Karim ndiye aliyeyaandika kwenye maelezo: jina lililokutwa msalabani, pete, kitambaa cha shati.

Akamwomba mgeni asubiri, akapanda boda hadi kwa Komakech, fundi wa kompyuta. Komakech alitazama kidogo tu.

"Faili ni zima, Haji. Ila programu ile maelezo marefu haikuyaweka humu. Iliyaweka kwenye faili la pili, jina lile lile, mwishoni dbt. Hayo mawili hayatenganishwi. La pili liko wapi?"

Abdul-Karim aliketi. Siku ya kufunga mradi flashi ilikuwa imejaa. Aliona faili lililokataa kufunguka, alama tupu zisizosomeka, akalifuta kwa mkono wake. Kompyuta yenyewe iliuzwa kama chuma chakavu.

"Nililifuta mwenyewe. Huwezi kulifufua humu?"

Komakech akahangaika na flashi nusu saa nzima.

"Imeshindikana. Umeshaandika juu yake, Haji. Video za harusi ya binti yako ndizo zimekaa mahali pake."

Njiani kurudi, wazo baya lilimjia: achague jiwe lolote. Themanini na nane, kwa mfano. Nani angejua? Mifupa ni mifupa. Alipoingia, Nabangala alisimama akikaza leso yake.

"Umempata?"

Namba ilikuwa kwenye ulimi. Akaimeza.

"Yuko kule, mama, lakini sijui jiwe lipi. Majina yamepotea. Niliyafuta mimi."

Nabangala hakupiga kelele. Aliketi tena, akasukuma karatasi mbele yake. "Andika unaowakumbuka."

Hadi adhuhuri alikuwa ameandika majina kumi na moja. Masinde hakuwamo.

"Kwetu mwili usipopatikana tunazika mgomba," Nabangala alisema. "Lakini hiyo ni ya waliozama ziwani, waliopotelea vitani. Huyu hakupotea. Mnaye ninyi."

"Nitakuja Bungoma. Nitamwomba mzee radhi mwenyewe."

"Uje umwambie nini? Kwamba kijana wake ulimfuta?"

Akakunja kibali chake, akatoka. Jioni ile Abdul-Karim alimweleza mkuu wake yote. Mkuu aliinua mabega. Jaza "hajulikani" kwenye safu hiyo, alisema, na familia nyingine wakija waambie hivyo hivyo. Abdul-Karim alijaza mistari mitatu, akashindwa kuendelea.

Mzee alifariki Alhamisi. Nabangala mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Walimzika, akasema, na pembeni yake wakazika mgomba. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Abdul-Karim zaidi. Kisha mama akamuuliza kama amekumbuka jina jingine.

Alikuwa amekumbuka moja. Lilikuwa la mwanamke.